Wino wa Ijumaa

Ijumaa jioni, Kiboriloni, ukungu ukianza kushuka,
huwa nimeshajua nani anazikwa kesho.
Wanakuja na flashi mkononi
na picha ya marehemu kwenye harusi ya mtu mwingine,
mkono wa nani sijui ungali begani mwake.
Wanasema kwa sauti ya chini:
nakala mia tatu, dada, na zisichafuke.

Zisichafuke.
Mwezi wa saba hapa karatasi hunywa ukungu,
ukiishika asubuhi ina ubaridi wa shuka la hospitali.
Wino wa dukani, ule wa chupa ya buluu,
hukaa juu yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Mwaka juzi, ratiba za Bibi Ndeshukurwa wa Uru:
kidole gumba cha mjukuu kilipita juu ya jina
na jina likamfuata kidoleni.
Alikisugua kwenye koti. Hakusema kitu.
Usiku ule nililala na kidole kile.

Ndipo nikaanza kupika.
Nina D ya Kemia, kidato cha sita; D nayo ni elimu.
Bomba la sindano, mizani kuukuu ya sonara Hasmukh,
rangi, maji yasiyo na chumvi,
gliserini tone kwa tone, na spiriti.

Spiriti ndiyo yenye haraka.
Ikizidi, wino unakauka kabla ya kuzaliwa,
unagandia mdomoni mwa printa
kwenye vitundu ambavyo hata unywele haupiti,
na marehemu anatoka na mistari myeupe usoni
kama anachungulia nyuma ya ua wa matete.
Gliserini ikizidi, hakuna kinachoziba,
ila Jumapili watu wanatoka kanisani
wino bado unanata.

Ubaki majimaji mdomoni,
ukauke ukitua.
Nilimweleza mume wangu, Anaeli, akacheka mpaka chai ikamwagika:
"Hicho unachotafuta si wino, ni mwanasiasa."

Daftari langu:
Namba 9, imeganda.
Namba 14, nzuri, ila inanuka gongo; mzee wa kanisa alinitazama mara mbili.
Namba 22, sekunde arobaini.
Namba 23, nimesahau nilichoweka.
Namba 26, tone moja la sabuni ya vyombo,
na wino ukavunjika kiburi, ukazama kwenye karatasi.
Namba 27, matone mawili. Herufi zikaota ndevu.

Nilipima kwa kidole gumba.
Nahesabu moja, mbili, napitisha,
natazama kidole, natazama jina.
Vichwa viwili vya printa nimeviua hivyo,
na ada ya mtoto ikachelewa muhula mzima. Hilo Anaeli hakulicheka.

Namba 31: sekunde kumi na moja.

Jumamosi nikafunga duka nikaenda Mwika
kwenye msiba wa mtu nisiyemfahamu.
Wenzangu walitazama jeneza, mimi nikatazama vidole.
Mia tatu, pengine zaidi, walipokezana, walijipepea,
walikunja karatasi wakaitia mfukoni, wakaitoa tena
kutafuta namba ya wimbo.
Vidole vyote safi.
Nilikuwa na furaha kaburini, Mungu anisamehe,
nikainamisha kichwa isionekane.

Mbele yangu alikaa mwanamke wa makamo, kitenge cha zambarau.
Hakuwa analia kwa sauti.
Tone likadondoka kwenye mwaka wa kuzaliwa,
mwaka ukafunguka taratibu,
sita ikawa wingu, tisa ikaifuata.
Kukauka ni jambo moja. Kuhimili maji ni jingine,
na hilo sikuwa nimelipima.
Yeye hakupangusa. Aliweka kidole pale pale, akakiacha.

Jumatatu nimefungua daftari.
Namba 32, nimeandika, maji ya chumvi.
Mpaka sasa sijapima kitu.
Bomba liko mezani, spiriti iko wazi,
nainusa ikipungua yenyewe.